Sura ya Kaisari katika Sarafu: Dinari ya Tiberio na Rupia ya Tukuyu

Katika Injili ya Jumapili ya 29 ya Mwaka A (Mt 22:15-21), Bwana wetu anaomba aoneshwe sarafu ya kodi, kisha anauliza sura na maandishi yaliyomo ni ya nani. Ili tulielewe swali hilo, yatupasa kwanza kuijua sarafu yenyewe.

Dinari ya Tiberio

Dinari ilikuwa sarafu ya fedha yenye uzito usiofika gramu 4, nayo ndiyo ujira wa kutwa katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mt 20:2). Wataalamu wengi huona kwamba Yesu alioneshwa dinari ya Kaisari Tiberio, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37. Upande mmoja ulikuwa na kichwa chake chenye shada la ushindi, na maneno ya Kilatini yaliyomtaja kuwa mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Upande wa pili uliandikwa cheo chake cha kuhani mkuu, pamoja na mwanamke aliyeketi, ameshika fimbo ya enzi na tawi. Kwa Myahudi mcha Mungu, kodi ile iligusa mfuko na dhamiri pia.

Kaisari afika Rungwe

Wazee wetu wa Nkunga nao walimjua Kaisari wa namna yao. Neno la Kijerumani Kaiser limetokana na jina hilohilo. Tukuyu ilipoitwa Neu-Langenburg, rupia ya fedha ilibeba sura ya Wilhelm II na maandishi ya Kilatini, GUILELMUS II IMPERATOR, kwa mtindo wa Roma ya kale. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa rupia hizo, na asiyekuwa nazo aliweza kulazimishwa kuilipa kwa kazi. Shilingi ya Waingereza ya mwaka 1921 ilimtaja George V, kwa Kilatini vilevile, mfalme na kaisari wa India. Mwaka 1966 Tanzania ilitoa sarafu zake zenye sura ya Mwalimu Nyerere, na maneno ya Kiswahili: Rais wa Kwanza.

Fundisho kwetu

Kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri (KKK 2240). Lakini Tertuliano, mwana wa Kartago katika Afrika, alikwisha kueleza mpaka wake: sarafu yenye sura ya Kaisari tumrudishie Kaisari, na mwanadamu, aliyeumbwa kwa sura ya Mungu (Mwa 1:27), ni wa Mungu. Rupia ya Wilhelm haitumiki tena; sura ya Mungu ndani ya aliyefanyishwa kazi kwa ajili yake haikufutika. Kwa hiyo, kila tunapomlipa kibarua wa shamba letu la chai au viazi, tukumbuke kwamba sura iliyo ndani yake yapita ile iliyo katika fedha tunayompa.