Sehemu na desimali katika mtihani wa hisabati: mwongozo kwa mwanafunzi na mzazi wake

Katika somo la Kiswahili mtoto hufundishwa akisami: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Kengele ikilia, mwalimu wa hisabati huingia na kufundisha vitu hivyo hivyo kwa Kiingereza, kwa majina mengine. Watoto wengi hawaambiwi kwamba ni jambo moja. Ndiyo maana mtoto anayetumwa dukani robo kilo ya sukari na nusu lita ya mafuta, akarudi na chenji sawasawa, huyo huyo hukwama mbele ya karatasi ya mtihani.

Na mtihani wenyewe una uzito. KCPE, uliofanywa tangu 1985, ulifika mwisho 2023. Mahali pake sasa pana KPSEA kwa wanafunzi wa Gredi ya 6, ulioanza 2022, na KJSEA kwa Gredi ya 9, ulioanza 2025. Mwanafunzi anapopangiwa shule ya Gredi ya 10, alama za KPSEA huchangia asilimia 20. Kwa hivyo kosa la nukta moja katika Gredi ya 6 humfuata mtoto miaka mitatu baadaye.

Haya hapa makosa yanayorudiwa zaidi, na njia ya kuyaepuka.

Kadiria kabla ya kukokotoa

Kabla hujashika kalamu jiulize: jibu litakuwa kubwa au dogo? Litazidi moja au litapungua moja? Katika maswali ya kuchagua A, B, C au D, swali hilo peke yake mara nyingi huondoa majibu mawili. Ukimaliza kukokotoa, rudi utazame kama jibu lako linakubaliana na makadirio yako.

Desimali ipi kubwa?

Ukiuliza kati ya 0.45 na 0.6 ipi kubwa, wengi watajibu 0.45 kwa sababu 45 ni kubwa kuliko 6. Fikiria kitambaa cha fundi cherehani. Mita 0.6 ni sentimita 60, mita 0.45 ni sentimita 45. Dawa ni kuongeza sifuri mwishoni ili tarakimu baada ya nukta zilingane: 0.45 na 0.60. Sifuri ya mwisho haibadilishi thamani, lakini inaonyesha ukweli.

Kujumlisha desimali

Panga nukta chini ya nukta. Kwa 3.5 + 0.75 + 12, andika 3.50, kisha 0.75, kisha 12.00. Jibu ni 16.25. Nambari nzima kama 12 ina nukta isiyoonekana mwishoni mwake. Anayeisahau huiweka 12 chini ya tarakimu za desimali na kuharibu hesabu yote.

Kujumlisha sehemu

Kosa kubwa ni kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: 1/2 + 1/3 = 2/5. Hapa ndipo makadirio yanapookoa. 2/5 ni chini ya nusu. Vipi uanze na nusu, uongeze kitu, ubaki na chini ya nusu?

Nambari za chini lazima ziwe sawa kwanza. Tafuta nambari ndogo inayogawika kwa 2 na kwa 3, nayo ni 6. Nusu ni 3/6, thuluthi ni 2/6, jumla ni 5/6.

Wazee wetu wanaijua hesabu hii katika mirathi. Tuseme marehemu ameacha mke, mama na watoto wa kiume, na baba yake alishatangulia. Mke hupata thumuni na mama sudusi. Nambari ndogo inayogawika kwa 8 na kwa 6 ni 24, basi mali hugawanywa mafungu 24. Mke huchukua 3, mama 4, na watoto hubakiwa na 17. Hivi ndivyo 1/8 + 1/6 = 7/24, na kilichobaki ni 17/24. Mwenye kuifahamu hesabu hiyo tayari ameshajua somo la darasani.

Kuzidisha

Sehemu ni rahisi kuzidisha: juu kwa juu, chini kwa chini. Robo ya ushuri, kiwango cha zaka ya fedha, ni 1/4 × 1/10 = 1/40. Ili kuigeuza desimali, ifanye nambari ya chini iwe 10, 100 au 1000. Hapa zidisha juu na chini kwa 25: 25/1000, yaani 0.025, au asilimia 2.5.

Kwa desimali, zidisha kana kwamba hakuna nukta, kisha hesabu tarakimu zilizo baada ya nukta katika nambari zote mbili. 0.3 × 0.4: 3 × 4 ni 12, na tarakimu baada ya nukta ni mbili kwa jumla, basi jibu ni 0.12. Anayeandika 1.2 hakujiuliza. Ukichukua kipande cha kitu kisichofika hata nusu, huwezi kupata zaidi ya kimoja.

Kugawanya

Watoto huamini kwamba kugawanya siku zote hupunguza. Si kweli. Mama ana kilo 4.5 za unga na anatia kilo 0.75 katika kila pakiti. Kila pakiti haifiki kilo, basi pakiti lazima zizidi 4. Sogeza nukta mara mbili kulia kwa nambari zote mbili: 450 ÷ 75 = 6.

Kwa sehemu, 3/4 ÷ 1/8 maana yake ni: katika robo tatu mna thumuni ngapi? Robo moja ina thumuni mbili, basi robo tatu zina sita. Kanuni ya darasani yasema geuza sehemu ya pili kisha zidisha: 3/4 × 8/1 = 24/4 = 6. Jibu ni lile lile. Kumbuka, inayogeuzwa ni ya pili, si ya kwanza.

Neno dogo la "of"

Karatasi ya hisabati huja kwa Kiingereza, na neno "of" kati ya sehemu mbili maana yake ni kuzidisha. Katika mpangilio wa BODMAS unaofundishwa shuleni, hufanywa kabla ya kugawanya. Kwa 3/4 ÷ 1/2 of 3/5, anza na nusu ya 3/5, yaani 3/10. Kisha 3/4 ÷ 3/10 = 3/4 × 10/3 = 30/12, yaani mbili na nusu. Anayekwenda tu kutoka kushoto hupata 9/10, na usishangae ukiikuta 9/10 miongoni mwa majibu ya kuchagua.

Mtego wa kilichobaki

Mvuvi aliuza 3/5 ya samaki wake. Robo ya waliobaki akawapa mabaharia wake. Akarudi nyumbani na kilo 24. Alivua kilo ngapi?

Anayeharakisha hujumlisha 3/5 na 1/4 kupata 17/20, akasema 3/20 ni kilo 24, na jibu lake likawa 160. Amekosea kwa sababu robo ile ni ya waliobaki, si ya samaki wote. Baada ya kuuza, zimebaki 2/5. Robo ya 2/5 ni 1/10. Toa 1/10 katika 4/10, zinabaki 3/10. Kama 3/10 ni kilo 24, basi 1/10 ni kilo 8, na samaki wote ni kilo 80.

Hakikisha kwa kurudi nyuma: 3/5 ya 80 ni 48, zinabaki 32, robo yake ni 8, zinabaki 24. Imekubali. Katika maswali ya namna hii, pigia mstari neno "remainder", yaani kilichobaki, kabla ya kuandika chochote.

Kwa mzazi

Mzazi anayesema "mimi Kiingereza sijui, siwezi kumsaidia" anajidhulumu na anamdhulumu mwanawe. Msomee mtoto bei ya samaki wa leo, umuulize kilo moja na robo tatu ni shilingi ngapi. Mkate ukikatwa, muulize kila mtu kapata sehemu gani, na iandikwe vipi kwa desimali. Akikujibu, usimwambie upesi kuwa amepata au amekosa. Muulize amejuaje. Mtoto aliyezoea kueleza jibu lake nyumbani kwa Kiswahili hatolisahau atakapoliona kwa Kiingereza kwenye karatasi.