Kununua nyumba mashambani: Ardhi ina hati, na ina majirani

WAKENYA wengi waliotumia ujana wao kutafuta riziki mijini hutamani kuumaliza umri wao mashambani, mahali penye hewa safi, ng'ombe wawili watatu wa maziwa na mahindi ya kutosha familia. Wengine huwa wameuza ploti mjini, wengine wamepokea malipo ya uzeeni, na wengine hutuma fedha kutoka Marekani, Uingereza au nchi za Ghuba. Aghalabu fedha hizo ni akiba ya maisha yote. Zikipotea, hakuna nyingine.

Mjini mtu anaweza kununua nyumba ya ghorofa na asimjue jirani wa mlango wa pili. Mashambani mambo ni tofauti. Nyumba haiuzwi peke yake. Huuzwa pamoja na ardhi iliyo chini yake, na ardhi hiyo ina historia, ina mipaka ambayo wazee huikumbuka, na mara nyingi ina familia nzima inayoihesabu kuwa yake. Kwa hivyo, mnunuzi mwenye busara hutafuta vibali viwili: cha sheria na cha jamii. Anayepata kimoja akakosa kingine hujikuta ama mahakamani ama akiishi kama mgeni katika boma alilolilipia.

Historia ya shamba

Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo kwa muda mrefu imesifika kuwa ghala la mahindi la taifa, ni mfano mzuri. Enzi za ukoloni, eneo hilo lilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa walowezi Wazungu. Baada ya Uhuru mnamo 1963, baadhi ya mashamba yaligawanywa na serikali katika mipango ya makazi, mengine yakabaki mikononi mwa mashirika ya umma kama vile Shirika la Maendeleo ya Kilimo (ADC), na mengine yakanunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za wananchi waliochanga fedha zao.

Kila mojawapo ya njia hizo iliacha karatasi za aina yake. Katika mpango wa makazi, aliyegawiwa ardhi kwa mkopo hapati hatimiliki kabla ya kumaliza deni. Katika kampuni, mwanachama huwa na cheti cha hisa pamoja na nambari ya kura iliyomwonyesha kipande chake, ilhali hati kuu ya shamba zima ingali kwa jina la kampuni. Cheti cha hisa si hatimiliki. Anayekinunua amenunua nafasi ya mwanachama tu, pamoja na mizozo yote ya kampuni hiyo, iwapo ipo.

Ndiyo sababu swali la kwanza halipasi kuwa "ekari moja ni bei gani?" bali "ardhi hii ilimfikiaje muuzaji?" Mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management Limited dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilisisitiza kwamba hati pekee haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa hapo mwanzo kinyume cha sheria. Kesi hiyo ilihusu ardhi ya ufuoni, lakini funzo lake linamhusu pia anayenunua ekari mbili huko Kwanza au Cherangany: chunguza chanzo cha hati, wala usiridhike na jina lililoandikwa juu yake.

Nani hasa anauza?

Chanzo kikubwa cha kilio mashambani ni mashamba ya marehemu. Mzee hufariki, wanawe hugawana shamba kwa maneno mbele ya wazee, kisha mmoja wao huuza "sehemu yake" huku hati ingali kwa jina la baba. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya mahakama kuthibitisha usimamizi wa mirathi, na kuingilia mali hiyo bila idhini ni kosa la jinai. Mnunuzi wa namna hiyo hana alichonunua, hata kama amejenga na kupanda migomba. Ni heri kungoja mirathi ikamilike kuliko kulipa leo na kufukuzwa kesho na ndugu aliyekuwa Nairobi wakati wa mauzo.

Hata muuzaji akiwa hai na hati ikiwa kwa jina lake, hajawa huru kuuza peke yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yataka idhini ya mume na mke kabla ya mali ya ndoa kuuzwa. Idhini hiyo iandikwe na kutiwa sahihi. Isitoshe, yafaa watoto waliokomaa wajulishwe, hasa ikiwa shamba lenyewe ni la ukoo. Wakipinga, ni afadhali wapinge kabla ya fedha kutoka mkononi.

Kuna pia wanaolitumia shamba bila kuonekana katika hati. Mashamba mengi hukodishwa kwa msimu, na aliyelima hutarajia kuvuna. Aidha, mtu aliyekalia ardhi ya mwingine waziwazi, bila idhini na bila kukatizwa kwa miaka 12, anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mwenyewe. Kwa hivyo, mnunuzi atembee shambani kwa miguu, amuulize kila anayelima au kulisha mifugo humo yuko pale kwa ruhusa ya nani.

Karatasi, ramani na bodi

Hatua ya kwanza ya kisheria ni upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa ardhi, na iwapo kuna deni la benki, ilani ya tahadhari au zuio la mahakama. Serikali ilizindua mfumo wa Ardhisasa mnamo Aprili 2021, ukianzia Nairobi, ili shughuli hizi zifanyike kwa mtandao. Mahali ambapo mfumo huo haujafika, mnunuzi au wakili wake hulazimika kwenda katika masjala yenyewe.

Hatua ya pili ni kuilinganisha ramani na ardhi. Mnunuzi aajiri mpima ardhi aliyesajiliwa, waende pamoja na muuzaji na majirani wa pande zote, vigingi vitafutwe na mipaka ionyeshwe. Si ajabu kupata kwamba ekari mbili za hati ni ekari moja na robo tatu shambani, au kwamba njia inayotumiwa kila siku hupita katika shamba la jirani na haimo katika ramani. Vilevile ieleweke kwamba ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo huuzwa kama "robo ya nusu ekari", ina futi mraba 5,000, ilhali sehemu ya nane ya ekari ni futi mraba 5,445.

Baada ya hapo huandikwa mkataba. Tangu Juni 2003, mkataba wa kuuza ardhi hauwezi kutetewa mahakamani usipokuwa wa maandishi, uliotiwa sahihi na pande zote mbili mbele ya mashahidi. Kwa desturi mnunuzi hulipa asilimia 10 kwanza, na salio hulipwa stakabadhi zote za uhamisho zikiwa tayari. Kulipa bei yote siku ya kwanza ni kujinyima nguvu ya kumdai muuzaji atimize wajibu wake.

Ardhi ya kilimo ina sharti la ziada. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, iliyotungwa 1967, yataka mauzo yaidhinishwe na bodi ya ardhi ya eneo husika, na ombi lipelekwe katika muda wa miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Bila kibali hicho mauzo huwa batili, na alichobaki nacho mnunuzi kisheria ni haki ya kudai fedha zake kama deni. Ni kweli kwamba mnamo 2018, katika kesi ya Willy Kimutai Kitilit dhidi ya Michael Kibet, Mahakama ya Rufaa ilikubali kumlinda mnunuzi aliyekwisha kukabidhiwa ardhi ingawa kibali hakikupatikana. Lakini huko ni kuokolewa baada ya miaka ya kesi na gharama. Hakuna haja ya kuvuka mto kwa kuogelea ilhali daraja lipo.

Bodi ina faida nyingine isiyozingatiwa sana. Muuzaji hufika mbele yake pamoja na mwenzi wake, na mara nyingi watoto, na huulizwa kama familia itabaki na mahali pa kuishi. Mzozo uliofichwa nyumbani mara nyingi hufichuka hapo.

Wasio raia wa Kenya wajue kwamba Katiba ya 2010 huwaruhusu kumiliki ardhi kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kwamba bodi hairuhusiwi kuidhinisha wauziwe ardhi ya kilimo pasipo msamaha maalumu. Mkenya aliyepoteza uraia wake ughaibuni anaweza kuurejesha kwanza, kwa kuwa Katiba hiyo inakubali uraia wa nchi mbili. Naye anayetuma fedha kwa jamaa amnunulie, ahakikishe kuwa mkataba na hati vimeandikwa kwa jina lake mwenyewe, na kama ni lazima mtu amwakilishe, ampe mamlaka hayo kwa maandishi yaliyosajiliwa.

Kuhusu gharama, ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ile ya mijini, nao hulipwa na mnunuzi. Kodi ya faida itokanayo na mauzo, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ni mzigo wa muuzaji pale inapotozwa. Kando na hayo kuna ada za wakili, mpima ardhi, bodi na usajili. Anayetumia shilingi zake zote katika bei hukwama kabla ya kupata hati.

Boma lenyewe

Sasa tuitazame nyumba. Shamba lisikaguliwe Januari pekee, barabara zikiwa kavu. Mnunuzi arudi Aprili au Mei, mvua ndefu zikinyesha, aone iwapo gari hufika, maji husimama wapi, na paa huvuja upande gani. Achunguze kama mchwa wameingia katika mbao za dari, kama choo kiko mbali na kisima, na kama kuna mifereji na tangi la kuvuna maji ya mvua.

Aulize kisima hukauka mwezi gani, na asimuulize muuzaji bali jirani achotaye humo. Kuchimba kisima cha mtambo kwahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Shamba likipakana na mto, mnunuzi atarajie kutotumia ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingoni, kulingana na upana wa mto wenyewe. Kuhusu stima, apime umbali hadi transfoma iliyo karibu; mpango wa serikali wa kuunganisha umeme uliozinduliwa 2015 ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600.

Vitu vinavyobaki navyo viorodheshwe katika mkataba. Imewahi kutokea mnunuzi akabidhiwe boma na kukuta milango, mabati ya jikoni na tangi vimebebwa, na mikaratusi iliyomvutia imekatwa ikawa kuni. Mahindi yaliyo shambani ni ya nani? Iandikwe.

Jambo zito zaidi ni makaburi. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, wafu huzikwa nyumbani. Boma la miaka 40 halikosi kaburi, hata kama halina alama. Pande zote zikubaliane mapema: je, familia itaruhusiwa kuzuru na kusafisha, au sehemu hiyo itakatwa isiuzwe? Kufukua mabaki si jambo la kijiji pekee; kwahitaji kibali cha serikali. Mnunuzi akilima juu ya kaburi la mama ya mtu, hakuna hati itakayomletea amani.

Kuishi na wenyeji

Trans Nzoia inakaliwa na watu wa jamii mbalimbali, na imewahi kuonja uchungu wa uhasama uliochochewa na siasa na ardhi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Familia ziliyaacha mashamba yao. Funzo lililobaki ni kwamba ujirani hujengwa kabla ya dhiki.

Mgeni ajitambulishe kwa naibu wa chifu na mzee wa kijiji, ajiunge na kikundi cha nyumba kumi, na ahudhurie mazishi na michango hata kama hamjui marehemu. Ugo upandwe baada ya jirani kukubali mpaka. Vibarua walipwe kwa wakati, kwa kuwa habari za tajiri asiyelipa hufika kila boma kabla ya jua kutua. Kujisajili kuwa mkulima pia kuna manufaa ya moja kwa moja: mbolea ya bei nafuu ambayo serikali imekuwa ikiisambaza tangu 2022 huwafikia walio katika sajili.

Kwa mnunuzi anayetaka kupanda mwezi Machi, kalenda ni hii: akague shamba wakati wa mvua ndefu, afanye upekuzi na upimaji katikati ya mwaka, atie sahihi mkataba na kwenda kwa bodi kabla ya Oktoba, kisha ampe muuzaji nafasi ya kuvuna na kuhama mwezi Desemba. Januari, trekta liingiapo shambani kulima, majirani wawe wanajua ni la nani.