Konokono wadogo wa misitu ya Pwani: Jinsi jenasi mpya inavyotambuliwa

ABIRIA anayesafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita Pugu, kisha Soga, kabla ya kufika Ruvu. Katika ukanda huo wa Kibaha na Kisarawe yamo mabaki ya misitu ya asili ya pwani, ukiwamo Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini pamoja na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi.

Wengi huifahamu misitu hiyo kwa miti, ndege na vyanzo vya maji. Ni wachache wanaojua kwamba chini ya majani makavu ya misitu ya namna hiyo huishi konokono ambao gamba lao lina urefu wa milimita chache tu, sawa na punje ya mchele.

Wengi wa konokono hao ni wa familia iitwayo Streptaxidae. Tofauti na konokono wakubwa wanaoshambulia mboga bustanini, hawa ni wawindaji. Chakula chao ni konokono wengine na minyoo.

Kwa miaka mingi, konokono wadogo wa familia hiyo wenye vijino mdomoni mwa gamba waliwekwa katika jenasi moja kubwa, Gulella, iliyopewa jina na Mjerumani Louis Pfeiffer mwaka 1856. Jenasi hiyo iliendelea kupokea spishi hadi ikawa na mamia.

Jenasi ni kundi la spishi zenye asili moja ya karibu. Simba na chui ni spishi mbili tofauti, lakini wote ni wa jenasi ya Panthera. Duma, ingawa ana madoa kama chui, yumo katika jenasi nyingine, Acinonyx. Kufanana kwa sura pekee, kwa hiyo, si ushahidi wa kutosha wa udugu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa konokono hao. Mwaka 2013, watafiti Ben Rowson na Peter Tattersfield walichapisha katika jarida la European Journal of Taxonomy maelezo ya jenasi mpya waliyoiita Dadagulella. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kuliona neno “dada” mwanzoni mwa jina hilo.

Katika kazi hiyo walieleza spishi 6 mpya na spishi ndogo 3 mpya, na kuhamisha nyingine kutoka Gulella. Miongoni mwa spishi mpya ni Dadagulella pembensis, ambayo jina lake linakitaja kisiwa cha Pemba.

Spishi kielelezo, yaani ile inayobeba jina la jenasi nzima, ni Dadagulella radius ya Kenya. Spishi hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza na Preston mwaka 1910. Kwa kuwa imehamishwa kutoka jenasi yake ya awali, kanuni za kimataifa zinataka jina la Preston na mwaka huo viandikwe ndani ya mabano.

Mtaalamu anayetaka kuwatenganisha konokono hao huanza na gamba. Hutazama umbo lake, ambalo kwa Dadagulella ni dogo, la mviringo wa yai na lililochongoka kuelekea kileleni. Kisha huhesabu vijino vya mdomoni na kuangalia mahali kila kimoja kilipoota.

Hata hivyo, gamba laweza kudanganya. Spishi zisizo na udugu wa karibu huweza kuwa na magamba yanayofanana. Kwa sababu hiyo, mtaalamu huupasua mwili chini ya hadubini na kuchunguza viungo vya uzazi, hasa vijindoano vidogo vilivyomo katika kiungo cha kiume. Kila konokono wa kundi hili ana viungo vya kiume na vya kike kwa pamoja.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Wataalamu wa zamani waliegemea zaidi magamba, ambayo hudumu kabatini kwa miaka mingi. Mwili laini huoza upesi, hivyo ni lazima konokono apatikane akiwa hai na kuhifadhiwa katika spiriti. Ili apatikane hai, sharti msitu wake uwe bado umesimama.

Konokono wa msituni huhitaji kivuli, unyevu na tabaka nene la majani. Miti ikikatwa, jua huikausha ardhi, na mnyama asiyeweza kutambaa mbali hana pa kukimbilia. Baadhi ya spishi hupatikana katika eneo dogo sana, kiasi kwamba kupotea kwa msitu mmoja kwaweza kuwa mwisho wake.

Kwa Soga na vijiji jirani, hatari hiyo si ya kufikirika. Msitu wa Ruvu Kusini umekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa na kuni, na soko kubwa liko karibu, Dar es Salaam. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi nayo imekabiliwa na ukataji na uvamizi wa mashamba, ingawa sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia.

Kuitambua Dadagulella kulichukua zaidi ya miaka 100 tangu Preston alipoieleza spishi yake kielelezo. Msitu hauhitaji muda wote huo kugeuka magunia ya mkaa. Ukishatoweka, kitakachobaki kwa mtafiti ni gamba tupu, nalo halitoshi kumweleza mwenyewe alikuwa nani.