Kabla ya Bango la Mbwa Kali

Tembea Nairobi kutoka Kileleshwa hadi Kahawa Sukari na utasoma maneno mawili kwenye geti baada ya geti: MBWA KALI. Mwalimu wa Kiswahili angekwambia ni "mbwa mkali", lakini bango halina muda wa ngeli. Mara nyingi pembeni kumechorwa kichwa: masikio yamesimama, mdomo mrefu, uso mweusi. Huyo ni German Shepherd, ambaye wazee wengi bado wanamwita Alsatian. Tunamjua kama mbwa wa geti, mbwa wa polisi, mbwa wa kukimbiwa. Ila jina lake linasema jambo lingine kabisa: ni mchungaji. Nilianza kufuatilia historia yake kwa sababu ya swali dogo tu. Kama huyu ni mchungaji, kondoo wake walienda wapi?

Jibu linaanzia Ujerumani ya karne ya 19. Sehemu nyingi huko mashamba hayakuwa na fensi. Kondoo walipitishwa kwenye njia nyembamba na vipande vya malisho, huku ngano ya mwenyewe na kule viazi vya mwenyewe. Kondoo mmoja akiingia shambani, kundi zima linamfuata, na mchungaji ana kesi ya kujibu. Kwa hiyo mbwa alifundishwa kukimbia kwenye mpaka, kati ya kondoo na mimea, akienda na kurudi kutwa nzima. Kazi yake haikuwa kuwinda wala kung'ata ovyo. Alikuwa fensi inayotembea. Ilimpasa awe na mwendo usiochoka, masikio ya kusikia amri kutoka mbali, na akili ya kuamua mwenyewe pale mchungaji alipokuwa upande wa pili wa kundi.

Kila eneo lilikuwa na mbwa wake, wa rangi na maumbo tofauti. Aliyewaunganisha ni kapteni mstaafu wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz. Aprili 1899 alikwenda kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, akamwona mbwa wa kuchunga aliyeitwa Hektor Linksrhein, akamnunua siku hiyohiyo na kumpa jina jipya: Horand von Grafrath. Mwezi huohuo akaanzisha chama cha wafugaji wa mbwa hao, na Horand akawa wa kwanza kuandikwa kwenye daftari la ukoo. Msimamo wa kapteni ulikuwa mmoja. Mbwa huyu apimwe kwa kazi, na urembo bila kazi hauna maana.

Shida ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa inaisha. Sufu ya bei nafuu ilikuwa ikija kwa meli kutoka Australia, malisho yalikuwa yakilimwa, viwanda vilikuwa vikipanuka, na kondoo wa Ujerumani walikuwa wakipungua mwaka baada ya mwaka. Yaani mbwa alipata cheti wakati soko la ajira limefungwa. Wengi wetu tunaijua hiyo hadithi. Von Stephanitz akaamua kumtafutia mwajiri mwingine, akabisha milango ya polisi na ya jeshi. Milango ikafunguka.

Hapo ndipo historia yake inapokuwa ngumu kusoma. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alibeba ujumbe na kutafuta majeruhi. Mwaka 1916, mjini Oldenburg, ikafunguliwa shule ya mbwa wa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Mwaka 1918 mwanajeshi Mmarekani, Lee Duncan, aliokota watoto wa mbwa huyu kwenye uwanja wa vita Ufaransa. Mmoja wao akawa Rin Tin Tin, nyota wa sinema za Hollywood. Uingereza, kwa chuki ya kila kitu cha Kijerumani, ikambandika jina la Alsatian, na chama kikuu cha mbwa nchini humo hakikumrudishia jina lake hadi 1977.

Lakini pia alisimama langoni mwa kambi za mateso za Wanazi. Mei 1963 polisi wa Birmingham, Alabama, walimwachilia awarukie vijana weusi waliokuwa wakiandamana kwa amani kudai haki zao. Afrika Kusini, polisi wa ubaguzi wa rangi walimtumia hivyohivyo. Aliyemshika mkono kipofu na aliyerarua suruali ya mwandamanaji ni wa ukoo mmoja, wenye kipaji kilekile: kumsikiliza mtu wake na kulinda mpaka aliopewa. Kwa hiyo mimi siulizi tena kama mbwa huyu ni mkali. Nauliza ni nani aliyeuchora mpaka, na nani amewekwa nje.

Sisi Nairobi tumemchorea mpaka gani? Kuna imani mtaani kwamba ukitaka mbwa awe kali, mfungie mchana kutwa, asizoeane na watu, umpe ugali baridi na umfungulie usiku. Kwenye ploti ninakoishi, mwenye nyumba ana mmoja anayeitwa Simba. Mchana yuko kwenye kibanda cha mabati. Boda ikipita nje anabweka hadi sauti inakauka, anakwenda na kurudi kwenye waya mpaka ardhi imechimbika mstari. Wapangaji wanasema ana wazimu. Soja wetu ni mzee aliyechunga mbuzi Samburu tangu utotoni, na siku moja nilimuuliza yeye anaonaje.

"Kijana, huyu hana wazimu," aliniambia. "Hana mifugo."

Siku hizi mzee humtoa saa kumi na moja alfajiri, kabla magari hayajaanza kutoka, wakauzunguka ukuta wa ploti pamoja mara kumi hivi. Asubuhi hizo kelele za Simba hupungua sana. Mzee hakusoma habari za von Stephanitz, lakini ule mstari uliochimbika kibandani aliuelewa. Ni mpaka wa shamba la ngano ambalo halipo.

Kwa hiyo kama unawaza kumleta mmoja nyumbani, anza na hesabu ya kazi kabla ya hesabu ya pesa. Dume aliyekomaa ana kilo 30 hadi 40, na begani anafika sentimita 60 hadi 65. Anahitaji kama saa 2 za mazoezi kila siku, na miguu peke yake haitoshi. Akili nayo inataka shughuli. Mfundishe amri, mfiche vitu avitafute, mtembeze njia mpya. Akikimbiza boda au watoto wanaocheza, ujue ni damu ya uchungaji, na hiyo huelekezwa mapema kwa mafunzo ya upole. Kiboko kitamfundisha woga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata bila kukuonya. Mzoeshe watu, makelele na mbwa wengine akiwa bado mdogo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa naye yumo.

Kabla ya kulipa, omba kuwaona wazazi wake, na uulize kama nyonga zao zimepigwa picha ya eksirei, kwa maana ugonjwa wa nyonga hurithiwa katika ukoo huu. Akiwa mdogo, usimchoshe kwa ngazi na kuruka. Manyoya yake hudondoka mwaka mzima, hivyo brashi ni lazima. Chanjo ya kichaa cha mbwa usiiruke hata mwaka mmoja.

Na kama unaishi bedsitter ghorofa ya tano, unatoka saa kumi na mbili asubuhi na jam inakurudisha saa tatu usiku, basi mwache kwanza. Kufuli nzuri na jirani mnayesalimiana vitalinda mlango wako bila kumfunga mtu yeyote kwenye mabati.