Malenga Aliyefunikwa na Nakshi Zake

Apitaye kwa basi katika barabara ya Wandsworth, kusini mwa London, hana cha kumgeuza shingo mbele ya nyumba namba 575. Ni nyumba nyembamba ya mwanzoni mwa karne ya 19, imebanwa katika safu ya wenzake. Anayefunguliwa mlango ndiye anayeona: kuta, dari na vizingiti vimevishwa mbao zilizotobolewa vitundu vidogo vidogo, mithili ya kofia ya viua. Aliyezichonga ni Khadambi Asalache wa Kenya, na kabla hajashika msumeno alishika kalamu.

Alizaliwa mwaka 1935 huko Kaimosi. Alisoma Mang'u, akasomea usanifu wa majengo Nairobi na sanaa katika miji ya Rome, Geneva na Vienna, na mwaka 1960 akaingia London. Huko aliishi kama walivyoishi wasanii wengi wa wakati ule, leo hiki na kesho kile: akafundisha Kiswahili, akafanya kazi na BBC katika matangazo yake ya Afrika, akaandika. Riwaya yake, A Calabash of Life, ilitoka mwaka 1967, na diwani yake ya mashairi, Sunset in Naivasha, mwaka 1973. Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, akasomea falsafa ya hisabati na kuajiriwa katika Hazina ya Uingereza. Mtu wa namna hii huwatatiza wapanga vitabu. Hawajui wamweke rafu ipi.

Nyumba aliinunua mwaka 1981. Chumba cha kulia cha chini kilikuwa na unyevu uliopenya kutoka kwa dobi wa jirani. Ili kuuficha alipigilia ukutani mbao za msonobari, nyingi zikiwa za kuokota, zilizotupwa na wajenzi. Ubao mtupu haukumridhisha. Akautoboa kwa keekee, akauchonga kwa kimsumeno cha mkono. Akautazama, akaendelea na ubao wa pili. Kazi ya kuficha doa moja ikamchukua takriban miaka 20, chumba hadi chumba: ndege, maua, wanyama, na maumbo ya kihesabu yanayofuatana kama vina. Mpenzi wa ushairi hatakosa kukitambua kibwagizo humo, maana umbo hurudi, na kila lirudipo huwa limegeuka kidogo.

Inasemwa kwamba aliathiriwa na majumba ya Granada, Damascus na Istanbul, na pia milango ya Zanzibar. Hapa mtu wa pwani ana haki ya kubisha. Mlango wa Unguja au wa Lamu huchongwa kwa patasi juu ya ubao mnene, ua likainuka bila ya mbao kutoboka. Kazi ya Asalache iko karibu zaidi na roshani za Zahanati ya Kale pale Mizingani, ambako fundi hutoboa ili upepo na mwanga vipate njia. Tofauti ni kwamba mbao nyingi za London zimeegemea ukuta: upepo haupiti, kinachocheza ni kivuli. Labda ndivyo pwani inavyokuwa mtu akiikumbuka kutoka mbali.

Asalache alifariki mwaka 2006 na kuiusia nyumba yake kwa National Trust, chama cha Uingereza cha kuhifadhi majumba ya kale, kilichoipokea mwaka 2010 na kuwafungulia wageni mwaka 2013. Wapo washairi waliobaki katika picha walizochorwa na marafiki zao; yeye alijichora mwenyewe kwa ubao, na sura hiyo ikawa kubwa hata ikamfunika mtunzi. Wageni huingia kwa makundi madogo, huinua macho darini, na huondoka wakizisifu nakshi.

Diwani ya 1973 haina mlinzi wala saa za kufunguliwa. Nayo ni ya mtu aliyewahi kuwafundisha wageni lugha hii katika mji wao wenyewe, hivyo kumfasiri kwa Kiswahili kungekuwa ni kulipa deni.