Talaka Imetoka, Vitisho Havijaisha

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakavuta manamba kutoka mbali. Kwa Wazigua wa Handeni, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mwanamke aliyeachika alikuwa na wajomba wa kumkimbilia. Katika kambi za manamba hao, mbali na wazee, nani angemkanya mume aliyegoma kuachika?

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilijaribu kujibu. Kwa kawaida shauri hupita kwanza baraza la usuluhishi ndipo talaka iombwe mahakamani. Kifungu kitamu zaidi, ambacho wengi hawakijui, kinairuhusu mahakama kumzuia mtu asimsumbue mtalaka wake wala asijilazimishe kwake, hata baada ya talaka kutoka.

Ila kifungu hicho ni cha wanandoa na watalaka. Mchumba aliyeachwa akitishia kuua, Kanuni ya Adhabu inamhusu; akitisha kwa simu, ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Siku hizi kesi huanzia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Meseji zisifutwe, hata zile za kuudhi. Aliyepigwa huchukua fomu ya polisi ya PF3 hapohapo, kisha hospitali.