Free Trade Hall: Ukumbi wa Manchester Uliosikika Hadi Vitini

Katika Mtaa wa Peter, katikati ya jiji la Manchester nchini Uingereza, kuna hoteli ya kifahari yenye ukuta wa mbele wa mawe yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Ukuta huo ni mabaki ya Free Trade Hall, ukumbi wa muziki na mikutano ambao kwa miaka 77, kuanzia 1920 hadi 1997, ulikuwa mali ya serikali ya mji, yaani mali ya wakazi wenyewe. Wanaousimulia huanza na majina ya waliopanda jukwaani. Mimi naona fahari yake iko zaidi kwa waliolipa kiingilio, wakakaa, kisha wakathubutu kupaza sauti.

Ardhi yenyewe ilikwisha kunywa damu. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika hapo, wakati huo pakiitwa St Peter's Field, kudai uwakilishi bungeni. Walikuja kwa amani, familia nzima nzima, wamevaa nguo zao za Jumapili. Mahakimu wakaamuru msemaji mkuu, Henry Hunt, akamatwe, na askari wa farasi wakaingia katikati ya umati wakiwa na panga mkononi. Watu wapatao 18 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mauaji hayo yanaitwa Peterloo. Kwa miaka mingi kibao kilichowekwa ukutani hapo kilitaja tu kwamba mkutano ulitawanywa, kana kwamba watu walirudi nyumbani salama. Wananchi walilalamika, na mwaka 2007 kikawekwa kibao chekundu kinachowataja waliouawa.

Ukumbi ulizaliwa na siasa za chakula. Wenye viwanda na wafanyabiashara wa Manchester walipambana na ushuru wa nafaka kutoka nje, uliofanya mkate uwe ghali, na Richard Cobden, mmoja wa viongozi wao, akatoa kiwanja chake. Kwanza pakajengwa banda la mbao mwaka 1840, kisha jengo la matofali. Ushuru ulifutwa mwaka 1846. Jumba la mawe, kazi ya msanifu Edward Walters, likajengwa kati ya 1853 na 1856 kwa michango ya watu.

Miongoni mwa wageni waliovutwa na mji huo kwa utajiri wake wa pamba alikuwamo mpiga piano Mjerumani, Charles Hallé, aliyeikimbia Paris baada ya mapinduzi ya 1848. Mwaka 1857 alikusanya wanamuziki kwa ajili ya maonyesho makubwa ya sanaa mjini humo. Maonyesho yalipokwisha hakutaka kuwaachia watawanyike, na tarehe 30 Januari 1858 okestra yake ikapiga tamasha lake la kwanza Free Trade Hall. Alihakikisha kuna viti vya bei nafuu ili mfanyakazi naye amsikilize Beethoven. Okestra ya Hallé ilikaa ukumbini humo, ukiondoa miaka ya vita na ya kujengwa upya, karibu miaka 140. Humo ndimo Simfonia ya Kwanza ya Edward Elgar ilipopigwa kwa mara ya kwanza kabisa, tarehe 3 Desemba 1908, chini ya kondakta Hans Richter.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuliijua Manchester kwa nguo. Viwanda vyake vilichapa hata kanga zilizouzwa huku. Lakini pamba ya viwanda hivyo ililimwa kwa wingi na watumwa wa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko, pamba ikakatika na maelfu ya wafanyakazi wa Lancashire wakalala njaa. Ingetarajiwa wadai Uingereza iwasaidie mabwana wa watumwa ili viwanda vifunguliwe. Tarehe 31 Desemba 1862 walikutana Free Trade Hall wakaamua kinyume: wakamwandikia Abraham Lincoln kumuunga mkono katika kukomesha utumwa. Lincoln akawajibu Januari 1863. Katika yote yaliyopita ukumbini humo, kwangu hakuna lililo kubwa kuliko hili la watu wenye njaa kukataa kushibishwa kwa jasho la watumwa.

Oktoba 13, 1905, chama cha Liberal kilifanya mkutano humo, mzungumzaji akiwa Sir Edward Grey. Kati ya wasikilizaji walikuwapo Christabel Pankhurst na Annie Kenney, binti aliyeanza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na umri wa miaka 10. Waliuliza: serikali ya Liberal itawapa wanawake kura? Hawakujibiwa. Kenney akapanda juu ya kiti akauliza tena, na wote wawili wakaburutwa nje. Walikataa kulipa faini, wakaenda jela. Kuanzia usiku ule harakati za kura za wanawake Uingereza zikachukua sura mpya.

Serikali ya mji iliununua ukumbi mwaka 1920. Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yakauchoma, zikabaki kuta. Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah walipofika Manchester Oktoba 1945 kwa Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika, lililofanyika katika jumba jingine la umma huko Chorlton-on-Medlock, Free Trade Hall ilikuwa bado gofu. Okestra ya Hallé nayo, ikiongozwa na John Barbirolli, ilikuwa ikihamahama, ikipiga hata kwenye ukumbi wa sarakasi wa Belle Vue. Mji ungeweza kuiuza ile ardhi. Badala yake msanifu wa mji, Leonard Howitt, alijenga ukumbi mpya nyuma ya ukuta wa zamani, ukafunguliwa Novemba 1951. Kathleen Ferrier, mzaliwa wa Lancashire aliyewahi kuwa opereta wa simu, aliimba siku hiyo.

Tarehe 17 Mei 1966 Bob Dylan aliimba humo nusu ya kwanza ya tamasha lake peke yake na gitaa la kawaida. Nusu ya pili akaja na bendi na magitaa ya umeme, na baadhi ya mashabiki wakaona wamesalitiwa. Mmoja akapiga ukelele: “Yuda!” Ukelele huo unasikika wazi kwenye kanda. Miaka kumi baadaye, Juni 4, 1976, katika ukumbi mdogo wa ghorofani, bendi ya Sex Pistols ilipiga mbele ya watazamaji wachache tu, baadhi yao vijana waliokwenda kuunda bendi zao wenyewe, Joy Division mojawapo.

Mwaka 1996 Hallé ilihamia ukumbi mpya, Bridgewater Hall, na mwaka uliofuata Free Trade Hall ikauzwa kwa kampuni binafsi licha ya upinzani. Ukumbi wa ndani ukavunjwa. Nakubali kwamba ule wa zamani ulikuwa umechoka na kwamba mpya una sauti bora. Umekalishwa juu ya springi karibu 280 ili mtikisiko wa barabara usifike kwa wasikilizaji. Lakini kuuza mahali ambapo watu wasio na cheo walisikilizwa kwa zaidi ya karne lilikuwa kosa. La kushukuru ni kwamba Bridgewater Hall nayo ni mali ya jiji, na bado kuna viti ambavyo mtu wa kipato cha chini anavimudu, kama Hallé mwenyewe alivyotaka mwaka 1858.